Periskopu za Bunduki za Vita Kuu: Mwongozo kwa Mkusanyaji Anayeanza

Mei 1915, wiki chache baada ya askari wa Australia na New Zealand kushuka Gallipoli, rasi ya Uturuki, askari mmoja wa batalioni ya 2 ya Australia, William Beech, aliona wenzake wakiuawa kwa risasi za kichwa kila walipochungulia juu ya handaki. Alichukua mbao za masanduku, waya na vipande viwili vya kioo, akaunda fremu na kuifunga kwenye kitako cha bunduki yake ya Lee-Enfield. Kioo cha juu kilikaa nyuma ya vilengeo vya bunduki, cha chini kikakaa mbele ya jicho la askari, naye akabaki chini ya ukingo wa handaki, salama, akilenga kupitia vioo na kuvuta kifyatulio kwa kamba au waya. Maofisa walipoiona kazi ile walianzisha karakana pale pale ufukweni, na vioo vikatafutwa kwenye meli zilizotia nanga.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaeleza kwa nini vitu hivi ni adimu. Vingi viliundwa kwa mbao za masanduku na mikono ya askari, si kiwandani. Vilipovunjika vilitupwa au vikawa kuni, na vita vilipokwisha hakuna aliyeona haja ya kurudi nyumbani na fremu ya mbao yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo anayekuuzia fremu ya Gallipoli ana deni la kukuthibitishia. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kudai deni hilo kwa macho, kwa mikono na kwa karatasi, kabla hujatoa pesa.

Kwanza, jua unatafuta nini

Watu huchanganya vitu vitatu, na wauzaji wengine hupenda mchanganyiko huo ubaki.

Cha kwanza ni periskopu ya handaki ya kawaida, ya kushika mkononi, ambayo haikufungwa kwenye bunduki hata kidogo. Ilikuwa ya kuchungulia tu. Inayopatikana zaidi ni ile ya Uingereza iitwayo No. 14 Mk I, ya kampuni ya R. & J. Beck ya London: bomba jembamba la shaba ya njano, mkono wa mbao, na mfuko wake wa turubai. Nyingi zina mwaka 1917 au 1918 juu yake. Zipo pia za bati, kama ile iliyoitwa Lifeguard, iliyotengenezwa Manchester.

Cha pili ni periskopu ya bunduki yenyewe, yaani chombo kilichofungwa kwenye silaha ili askari alenge bila kuinua kichwa. Hapa ndipo ilipo fremu ya Beech. Hapa pia ndipo ilipo hiposkopu ya Mwingereza William Youlten, chombo cha chuma chenye vioo ambacho mwenyewe alikuwa ameshakibuni mwanzoni mwa karne ya 20, kabla Vita Kuu haijaanza. Wajerumani walikuwa na kitako cha kioo walichokiita Spiegelkolben kwa ajili ya bunduki yao ya Gewehr 98. Wamarekani walijaribu mtambo wa Cameron-Yaggi kwenye Springfield ya 1903. Vyote hivi ni vigumu kupata.

Cha tatu ni darubini za bunduki ambazo zina prizimu (kipande cha kioo kinachogeuza njia ya mwanga) ndani au zina neno "periskopu" katika jina la kiwanda tu. Periscopic Prism Company ya London ilitengeneza darubini za kawaida za wadunguaji wa Lee-Enfield, zilizofungwa upande wa kushoto wa bunduki. Jina la kampuni limewafanya watu waamini wamenunua periskopu. Warner & Swasey wa Cleveland, Ohio, walitengeneza darubini za prizimu za mwaka 1908 na 1913, za kukuza mara 6 na mara 5.2. Hiyo ya 1913 ilitumika pia kwenye bunduki za Ross za Kanada. Ni vitu vizuri sana, na mtu anaweza kukusanya hivyo peke yake maisha yake yote, lakini hakuna hata kimoja kinachomruhusu askari kubaki chini ya ukingo wa handaki.

Muuzaji akisema "periskopu ya bunduki", muulize swali moja: ilifungwa wapi kwenye bunduki, na jicho lilikaa wapi? Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, hajui anachouza.

Anza na kilicho rahisi

Ushauri wangu, na hapa sina mashaka, ni kwamba kitu chako cha kwanza kiwe Beck No. 14 au periskopu nyingine ya mkononi yenye chapa na mwaka. Si kwa sababu ni ya bei nafuu kuliko zile adimu tu. Ni kwa sababu kitu halisi cha 1917 kikikaa nyumbani kwako miezi sita, mikono yako inajifunza. Unajua shaba ya miaka mia moja inavyokuwa rangi ya asali iliyoungua kwenye mikunjo. Unajua turubai la zamani linavyonusa, na skrubu ya wakati ule inavyoonekana. Ukikutana na fremu ya bandia mnadani, mkono utashtuka kabla ya akili.

Mimi nilianza kinyume. Nilinunua katika mji mmoja wa Uingereza fremu ya mbao yenye kibandiko kilichosema "Gallipoli 1915". Mwenye duka alinipa hadithi ndefu ya babu wa mteja wake. Nilipofika nyumbani nikakwangua taratibu tope lililozibia kona moja, na chini yake kulikuwa na skrubu yenye kichwa cha msalaba. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi saa Tanga, alinifundisha nikiwa mtoto kwamba saa hujulikana kwa skrubu zake, na somo lile nilikuwa nalo siku zote bila kulitumia. Skrubu za kichwa cha msalaba za aina ya Phillips zilianza kuingia viwandani miaka ya 1930. Fremu ya 1915 haiwezi kuwa nazo.

Kukagua: skrubu, kioo, mbao, kitambaa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nenda na lenzi ya kukuzia, rula, tochi ya kawaida, na tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Omba ruhusa ya kukishika kitu, na ukikataliwa, ondoka. Kununua kwa picha moja ya mbali ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na skrubu. Kwenye kazi ya 1914 hadi 1918 utaona vichwa vyenye mfereji mmoja. Angalia kama mfereji umechubuka na kama machubuko yenyewe yamekuwa meusi. Machubuko yanayong'aa ni ya juzi. Kama muuzaji anaruhusu kutoa skrubu moja, pima meno yake: kazi ya Uingereza ya wakati ule hutumia vipimo vya Kiingereza vya Whitworth au BA (British Association), kazi ya Ujerumani hutumia milimita. Kifaa cha Uingereza chenye skrubu ya milimita kimetengenezwa upya, angalau sehemu hiyo.

Halafu kioo. Kwenye darubini na periskopu zenye lenzi, geuza lenzi chini ya taa na utazame rangi ya mwako wake. Lenzi za Vita Kuu ya Kwanza hazina utando wa kuzuia mwako, kwa hiyo taa huonekana nyeupe tu kama kwenye kioo cha dirisha. Utando ule ulibuniwa Zeiss mwaka 1935 na Alexander Smakula. Ukiona rangi ya buluu au zambarau juu ya lenzi inayosemwa kuwa ya 1916, lenzi hiyo ilibadilishwa baadaye. Kipimo hiki kinachukua sekunde tano na kimeniokoa mara nyingi kuliko kingine chochote.

Kwenye vioo vya kujitazamia, kama vya fremu ya Beech, tazama kingo. Fedha iliyopakwa nyuma ya kioo huliwa na unyevu kuanzia pembeni, ikaacha madoa meusi yanayotambaa kuelekea ndani. Gusa uso wa kioo kwa ncha ya penseli: nafasi kati ya penseli na taswira yake inakuonyesha unene wa kioo, kwa kuwa fedha iko nyuma. Kisha tazama mstari ulionyooka, kama ukingo wa mlango, ukiupitisha taratibu kwenye kioo. Kioo cha zamani cha bei rahisi huutikisa mstari kama maji. Vioo vya leo vimenyooka kwa sababu hutengenezwa kwa njia ya kuelea juu ya bati iliyoyeyuka, ambayo kiwanda cha Pilkington kilitangaza mwaka 1959. Lakini uwe na busara hapa. Kioo kizuri cha zamani kilichosuguliwa nacho kilinyooka, kwa hiyo mstari usiotikisika si ushahidi wa ubandia peke yake. Na kioo kipya ndani ya fremu ya zamani si jambo la aibu, maana vioo vilivunjika vitani penyewe. Aibu ni kukificha.

Mbao zina mambo mengi ya kusema. Msumari wa chuma uliokaa ndani ya mti miaka mia huacha doa jeusi linaloingia ndani kabisa ya nyuzi za mbao, si duara la kutu juu juu tu. Wanaozeesha mbao kwa chai, tindikali au mafuta machafu ya gari hupata rangi ya juu bila doa la ndani. Mwanga tochi ndani ya sanduku la fremu, pale mkono wa mtu usipofika: mbao za pale zinatakiwa ziwe zimeiva kwa hewa, kijivu au kahawia hafifu, zisiwe nyeupe mbichi wala zisiwe na rangi ileile ya nje. Tundu za misumari za zamani mara nyingi huwa zimevutika kidogo kwa sababu mbao husinyaa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Mwisho, zima taa, washa urujuanimno. Uzi wa kushonea mfuko ukiwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya kisasa, uzi huo au sabuni hiyo ni ya baada ya vita. Ndivyo pia karatasi ya kibandiko. Turubai la 1917 hubaki jeusi au kahawia. Tena ni dalili tu. Mtu anaweza kuwa aliufua mfuko halisi mwaka 1970.

Chapa

Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C ni Kanada, katikati ya D mbili ni Australia, na pamoja na U ni Afrika Kusini. Chapa iliyopigwa kwa nyundo kwenye shaba husukuma metali pembeni, na ukipitisha ukucha utaisikia kingo yake ikiwa imelainika kwa kushikwa. Chapa iliyochongwa kwa mashine ya leo ina kingo kali na kina cha sare. Chapa iliyopigwa juu ya kutu, yaani kutu haimo ndani ya mikato, ni ya bandia. Hapo huhitaji kujadiliana.

Kwenye vifaa vya Ujerumani vya Vita ya Pili utakuta herufi badala ya majina: blc ni Carl Zeiss wa Jena, ddx ni Voigtländer, cag ni Swarovski, cad ni Kahles. Ninazitaja kwa sababu ya kile kioo cha prizimu kilichotumika na Krummlauf, mtutu uliopindwa wa bunduki ya Kijerumani StG 44. Huyu ndiye mjukuu wa periskopu za handaki, na bandia zake ni nyingi mno. Kwa anayeanza, ningesema asiuguse kabisa.

Hadithi inayokuja na kitu

Hadithi bila karatasi haina bei. Kinachokubalika ni barua ya familia, picha ya askari akiwa na chombo kile, orodha ya mnada wa zamani, au namba ya makumbusho iliyofutwa rasmi. Linganisha na vitu vinavyojulikana: Australian War Memorial ya Canberra na Imperial War Museum ya London zina mifano na picha za wakati ule, na mojawapo ya picha mashuhuri za Gallipoli, iliyopigwa na Ernest Brooks, inaonyesha Mwaustralia akilenga kwa bunduki ya periskopu huku mwenzake akichungulia pembeni kwa periskopu ya mkononi. Kaa na picha hiyo saa nzima. Hesabu viungo vya fremu, tazama unene wa mbao ukiupima na mkono wa askari.

Neno kwa sisi wa Afrika Mashariki. Wauzaji wakishajua unatoka huku, huanza kukuletea vitu "vya Tanga 1914" au "vya jeshi la von Lettow-Vorbeck", kamanda wa Wajerumani huku. Mahandaki yalikuwepo, kwa mfano kilima cha Salaita karibu na Taveta, ambako Wajerumani na askari wao waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916. Lakini vita vya huku vilikuwa hasa vya kutembea, kuviziana porini na kubeba mizigo, na waliokufa wengi walikuwa wapagazi waliouawa na maradhi na njaa. Periskopu ya bunduki ni mtoto wa handaki lililokaa mahali pamoja miezi na miezi, adui akiwa umbali wa kurusha jiwe. Anayedai ilitumika Tanga alete karatasi mbili, si moja.

Na usinunue kitu kilichofukuliwa. Rasi ya Gallipoli inalindwa na sheria za Uturuki, na mashamba ya Ubelgiji kuzunguka Ieper bado hutoa mabomu mazima kila mwaka wakulima wanapolima. Pale chini pia wamelala watu ambao hawajawahi kuzikwa.

Sheria na usafirishaji

Mimi hukusanya vifaa vya kioo tu, yaani periskopu na darubini, sikusanyi bunduki, na ninakushauri ufanye hivyo. Uingereza kioo peke yake hakihitaji cheti cha silaha. Kwingine mambo hutofautiana. Kabla hujaagiza kitu kuja Tanzania au Kenya, nenda kwa ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni za silaha ukiwa na picha, maelezo na mwaka wa kitu, uombe jibu la maandishi. Kutoka Marekani, vifaa vya kulengea bunduki vimo katika orodha za udhibiti wa mauzo ya nje, kwa hiyo muuzaji anaweza kuhitaji kibali. Mwulize kabla ya kulipa.

Kwenye fomu ya forodha andika ukweli mtupu: kifaa cha kioo cha kihistoria, cha mwaka fulani, hakina sehemu ya silaha, pamoja na nakala ya barua ya polisi. Usikubali muuzaji aandike "kichezeo" ili kupunguza ushuru. Kitu kikikamatwa kwa maelezo ya uongo hakirudi, nawe unabaki na kesi.

Kikishafika nyumbani

Usikisafishe. Najua mkono unawasha. Shaba iliyosuguliwa kwa dawa ya kung'arisha hupoteza rangi ya karne nzima, pamoja na nusu ya thamani yake, kwa mchana mmoja, na tope kavu kwenye kona ya fremu ni ushahidi ambao hautarudi. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi za maji. Lenzi ipulizie hewa kwanza, kisha gusa kwa kitambaa safi kilicholowana kidogo. Usimwagie spiriti, kwa sababu lenzi za zamani ziligandishwa pamoja kwa utomvu wa mti uitwao zeri ya Kanada, na spiriti huulainisha. Ukiona madoa ya manjano au mapovu kati ya lenzi mbili, ni utomvu huo umezeeka. Mwachie fundi wa darubini, au uache tu.

Kifaa chenye rangi iliyokuwa ikiwaka gizani usikifungue wala kukikwangua. Rangi ile inaweza kuwa na radiamu. Haiwaki tena kwa sababu kemikali ya kung'aa imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya takriban miaka 1,600. Kiweke kando, kwenye kasha lenye kifuniko, mbali na chumba cha kulala na mbali na watoto.

Adui mkubwa wa mkusanyaji wa pwani ni ukungu. Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, hewa ina unyevu wa kutosha kuotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu hutoa asidi inayochora kioo moja kwa moja. Hata ukiisafisha baadaye, alama za nyuzi hubaki. Weka vya lenzi kwenye kasha la plastiki linalofungika pamoja na vipakiti vya chembechembe za kukausha, vile vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Vya mbao na turubai usivifungie hivyo, maana ukavu uliopita kiasi hupasua mbao. Hivyo vinataka rafu ya ndani, yenye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua. Mfuko wa turubai uukague kila mwezi kwa ajili ya nondo na mende.

Daftari

Kila kitu kipe namba. Usiiandike juu ya kitu, ifunge kwa uzi wa pamba na kadi ndogo iliyoandikwa kwa penseli. Kwenye daftari andika tarehe uliyonunua, bei, jina la mnada, chapa zote kama zilivyo hata usizozielewa, na hitilafu zote. Piga picha sita pamoja na rula: mbele, nyuma, pande mbili, ndani, na chapa. Stakabadhi ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki.

Andika pia kilichobadilishwa: "kioo cha chini si cha asili", "skrubu mbili mpya". Ile fremu yangu ya tope bado ninayo, ina namba 2 kwenye daftari, na kadi yake inasema: nakala ya baada ya vita, isiuzwe kama halisi. Wanangu wanajua ilipo bahasha.